Koti la mjomba lilikuwa linavuja wapi?

Koti lenyewe ni la mvua, la kijani iliyokolea, la mtumba, lililotoka kwenye belo sokoni Mtwara miaka minne iliyopita. Mjomba alilinunua elfu ishirini na tano baada ya kubishana na muuzaji nusu saa nzima, na kwa misimu miwili hakutaka kusikia habari ya koti jingine. Ana mikorosho yake Nanyamba, anakaa mjini, na katikati ya hapo kuna pikipiki. Huku kwetu mvua ina msimu mmoja tu: inaanza Novemba au Desemba, inakwisha Aprili au Mei mwanzoni. Kwa hiyo koti la mvua linafanya kazi nusu ya mwaka na kulala nusu iliyobaki. Huko kulala kuna sehemu kubwa katika kisa hiki, nitafika.

Desemba iliyopita akaja kibandani kwangu amelowa mgongo mzima. Mimi ni fundi cherehani, ila nguo za watu nilishaziacha zamani. Nashona maturubai ya kufunikia korosho, vifuniko vya viti vya pikipiki, mabegi, na mahema pale yanapopatikana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu nitazamie hili. Limeshakufa au bado lina roho?"

Kwetu Wamakonde mjomba hapangi foleni. Niliweka turubai la mtu chini, nikaligeuza koti ndani nje, na ndani ya dakika mbili nikawa nimeshatoa hukumu. Bega la kulia, pale unapopita mkanda wa begi lake, ule utepe unaofunika mshono kwa ndani ulikuwa umeanza kunyanyuka ukingoni. Nikamwambia, hapa ndipo. Nilikuwa na silikoni iliyobaki kwenye kazi ya jirani yangu fundi aluminiamu, ile ya kuzibia vioo, inayonuka siki ikiwa mbichi. Nikaipaka kwa kidole kutoka ukosini mpaka begani, nikalitundika usiku kucha, asubuhi nikamkabidhi bila kumdai kitu.

Wiki moja baadaye akarudi, maji yanamdondoka kwenye pindo la fulana.

"Mjomba, uliziba yasiingie au uliziba yasitoke?"

Nilicheka, lakini nilijua nimeharibu. Na sikujua bado kwamba nimeharibu mara mbili.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze koti la aina hii limeundwaje, maana nusu ya makosa ya mafundi, yangu yakiwemo, yanatoka hapo. Wengi tunadhani kitambaa cha nje ndicho kinachozuia mvua. Sicho. Kile ni nailoni au poliesta ya kawaida, imepakwa dawa inayofanya tone lisimame na kuteleza kama juu ya jani la gimbi. Ukuta wenyewe uko upande wa ndani: tabaka jembamba la poliuretani, aina ya plastiki laini, lililogandishwa kwenye kitambaa. Koti la mjomba lina kilebo kilichoandikwa milimita 5,000, maana yake kipande cha kitambaa hicho kinahimili uzito wa safu ya maji ya mita 5 kabla hayajapenya. Kwa mvua ya kawaida hiyo inatosha sana.

Halafu inakuja sindano. Mshono wa kawaida unatoboa matundu matatu au manne kila sentimita, kwa hiyo bega la sentimita 20 lina matundu kati ya 60 na 80 yaliyochomwa na kiwanda chenyewe. Ndiyo maana wanagandisha utepe kwa moto juu ya kila mshono, kwa ndani. Mafundi majahazi wa pwani hii wanalijua jambo hilo kuliko sisi wa cherehani. Hakuna anayehangaika na katikati ya ubao, kazi yote iko kwenye kalafati, ile pamba yenye mafuta inayopigiliwa kati ya ubao na ubao.

Kwa hiyo mtu akisema koti linavuja, kuna mambo matatu tofauti anayoweza kuwa anayasema. Dawa ya nje imekwisha, au utepe wa mshono umeachia, au tabaka la ndani limeoza. Na la nne, ambalo watu wa pwani tunalisahau: huenda halivuji kabisa, ni jasho. Kila moja lina tiba yake, na tiba ya hili haimsaidii mwenye lile. Mimi nilikuwa nimechagua tiba kwa kutazama tu.

Jumapili iliyofuata nikamwita mjomba nyumbani. Nikampa fulana ya kijivu, kavu, kwa sababu kijivu kinaonyesha tone dogo kuliko rangi nyingi. Akavaa koti, akafunga zipu, akavaa helmeti, akapanda pikipiki yake uani bila kuiwasha. Kwanza nikamwacha hivyo hivyo robo saa, bila maji. Majirani wakaanza kukusanyika, na mjomba hakufurahi.

Alipovua, mikono ya fulana ilikuwa imelowa kuanzia kwenye viwiko kwenda chini, na kwapani ndiyo usiseme. Hakuna tone la maji lililokuwa limemgusa. Akajilamba mkono. "Chumvi," akasema, "hii ni yangu mwenyewe." Hivi vitambaa vinavyosifiwa kwamba vinapumua vinategemea hewa ya ndani ya koti iwe na joto na unyevu kuliko ya nje, ndipo mvuke unasukumwa kutoka. Mtwara mwezi wa Desemba, ndani na nje vinakaribia kulingana, basi mvuke hauna pa kwenda. Na dawa ya nje ikiwa imekwisha, kitambaa kinakunywa maji na kubaki kimelowa, hata ule upumuaji kidogo unakufa. Nusu ya malalamiko ya "mikono inavuja" ninayoletewa ni haya.

Akabadili fulana. Sasa nikamkabidhi mwanangu keni ya kumwagilia bustani na kumpa sheria moja: anza chini, panda juu polepole. Ni sheria ya watu wa bati. Ukimwaga juu kwanza, maji yatateremka yapite kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Ukianza chini na pakabaki pakavu, pale umepafuta kwenye orodha. Pindo dakika tano: kukavu. Zipu ya mbele dakika tano, na hapo nilimwambia amwage kwa nguvu akilenga kama upepo wa pikipiki: matone mawili tu tumboni. Mikono: hakuna kipya. Kifua: kikavu. Bega la kushoto: kavu. Bega la kulia, lile nililolipaka silikoni kwa mbwembwe: kavu. Nikapata matumaini kidogo kwamba labda niliziba sawa, mpaka nilipokumbuka kwamba la kushoto sikuligusa na lenyewe lilikuwa kavu vilevile.

Mtoto akafika shingoni.

Koti lina kofia. Mjomba haivai, maana ana helmeti, kwa hiyo siku zote inalala nyuma ya shingo mdomo ukiwa wazi kuangalia juu. Keni ilipofika pale, ile kofia ikajaa kama bakuli. Ilishika maji ya kikombe kizima, ikatulia nayo. Nikamwambia mjomba ainame mbele kidogo kama anavyoshika usukani akiwa kwenye mwendo. Akainama, akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa.

Tulipovua koti, fulana ilikuwa na mto mmoja mnene ulioanzia kwenye kisogo na kuteremka katikati ya mgongo mpaka kiunoni. Mabegani pakavu kabisa. Nikapekua ukosi kwa ndani: pale kofia inaposhonewa, utepe ulikuwa umeachia urefu wa kiganja kizima, nao umefichwa na bitana. Maji yalikuwa yakiingia pale, yanashikwa na bitana, yanasafiri nayo kimyakimya, yanajitokeza chini. Ni kama nyumba ya bati. Tone linaangukia kitandani, msumari uliolegea uko upande wa pili wa chumba.

Na kofia yenyewe ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ndani yake, lile tabaka la poliuretani lilikuwa limepasuka na kubanduka vipande vyeupe vidogo kama magamba ya changu, na ukivifikicha vinanata. Ukiikaribia puani kuna harufu ya chachu, kama matapishi ya mtoto mchanga. Mwenye pua iliyowahi kukutana nayo haisahau. Hapo ndipo nikamuuliza mjomba koti hulala wapi kiangazi.

"Chini ya kitanda. Kwenye mfuko wa nailoni, ile ya zamani kabla hawajaipiga marufuku. Nalikunja vizuri tu."

Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, na laiti ingepigwa mapema zaidi kwa ajili ya koti hili. Poliuretani ya namna hii ina adui mmoja mkubwa: unyevu pamoja na joto. Maji yanaivunja taratibu kwa kemia yake, minyororo ya chembe zake inakatika, tabaka linakuwa la kunata kisha linabambuka. Koti linalokunjwa likiwa na unyevu wa mvua ya mwisho, likafungiwa nailoni ndani ya chumba cha Mtwara miezi kadhaa, linapikwa. Kofia ndiyo iliyokunjwa ndani kabisa na ndiyo iliyokauka mwisho, kwa hiyo ndiyo iliyooza kwanza. Joto na makoti ya mvua hawajawahi kupatana. Charles Macintosh wa Glasgow alipopata hataza yake mwaka 1823, ya mpira ulioyeyushwa na kubanwa kati ya vitambaa viwili, makoti yale ya mwanzo yalikuwa yakilegea na kunata siku za joto. Joto la Uskoti hilo.

Tulipoijua hali, kazi ikawa rahisi kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mahali pamoja.

Kwanza tulilifua. Sabuni ya maji kidogo sana, maji ya uvuguvugu, kusuuza mara tatu mpaka povu liishe kabisa. Sabuni ya unga na dawa za kulainisha nguo zinaacha mabaki yanayovuta maji, na watu wanadhani dawa ya koti imekwisha kumbe imefunikwa tu na uchafu na sabuni. Tukalianika kivulini. Lilipokauka nikapita na pasi ya umeme kwenye moto mdogo, juu ya kitambaa cha pamba, mikono na mabega, bila kusimama sehemu moja. Ya mkaa sithubutu kwa nailoni, huwezi kuiamuru. Moto unaiamsha ile dawa ya nje kama bado ipo. Nilipomwaga maji kwenye mkono wa kushoto, matone yakasimama na kukimbia. Mkono wa kulia yalisimama nusu tu, na pale kwenye mkanda wa begi hayakusimama kabisa, dawa ilishasuguliwa ikaisha. Nilikubali hivyo. Kuna wanaosugua mshumaa au nta. Kwenye begi la pamba au turubai la pamba ni sawa kabisa, nta inaingia kwenye nyuzi. Kwenye nailoni nyembamba inakaa juu, inabeba vumbi lote la njiani, halafu inatoka.

Kofia nilimwambia tuikate.

"Koti la mvua bila kofia? Watu wataniona vipi?"

"Watakuona mkavu."

Akafikiri sana, akakubali. Ile siyo ya kutengeneza. Kuna wanaopaka tabaka jipya juu ya lililooza, na wateja wanalipa. Ni kupaka rangi juu ya chokaa inayobambuka. Tabaka jipya linashika lile la zamani, la zamani halishiki kitu. Ingekuwa koti zima liko hivyo, ningemrudishia na kumshauri alifanye kifuniko cha kuni. Bahati nzuri ugonjwa ulikuwa umeishia ukosini.

Nikaikata nikiacha sentimita 2, nikakunja ndani na kushona juu ya ukosi. Nilitumia sindano namba 11, siyo ile nene ninayoshonea maturubai, na uzi wa poliesta. Utepe mbovu niliutoa kwa kupasha moto kidogo juu ya kitambaa na kuuvuta ungali wa moto, unatoka wenyewe. Gundi yake iliyobaki na magamba machache ya ukosini niliyasugua kwa mswaki na spiriti ya duka la dawa, baada ya kujaribu kwanza kwenye pindo lisiloonekana. Dirisha wazi, jiko mbali.

Halafu gundi ya poliuretani, ile inayobaki laini kama mpira ikikauka. Hapa mjini sikuipata, ikaja na basi kutoka Dar, tyubu ndogo kuliko ya dawa ya meno kwa bei iliyomfanya mjomba anyamaze. Sheria yake ni fupi: kitambaa chenye tabaka la poliuretani kinataka gundi ya poliuretani, na kitambaa kilichopakwa silikoni, kama mahema mepesi ya kisasa, kinataka silikoni. Ukibadilisha, hakishiki. Nilipaka kwa brashi ya watoto, kwa ndani, nikipita mshono kwa nusu sentimita kila upande, tabaka jembamba, nikasubiri, tabaka la pili. Gundi hii haikauki kwa jua. Inakomaa kwa kunywa unyevu wa hewa, na hicho ndicho kitu pekee ambacho hali ya hewa ya Mtwara iliwahi kukifanyia koti hili kwa wema. Baada ya siku nzima nikapaka poda ya mtoto juu yake isije ikagandana na bitana.

Unyevu huohuo ndio unaoifanya tyubu iliyofunguliwa igande yote ndani ya wiki chache. Yangu iko sehemu ya barafu kwenye friji, imefungwa, pembeni ya kibua. Mke wangu ameshaandika juu yake kwa kalamu nyekundu.

Sasa lile pahali pamoja. Bega la kulia halikuwa linavuja, lakini utepe wake ulikuwa umenyanyuka ukingoni, na nilitaka kuushika kabla haujaachia. Silikoni yangu ilikuwa pale. Niliikwangua kwa ukucha, kwa kijiko cha plastiki, nikapaka white spirit, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, ikavimba kidogo, nikakwangua tena. Kwa macho ilitoka yote. Nikajaribu gundi mpya kwenye sentimita 3 tu. Kesho yake nikaibandua kwa vidole viwili, ikatoka nzima, nyembamba, inang'aa, kama ngozi ya kitunguu. Silikoni ikishakauka hakuna kiyeyusho cha dukani kinachoiondoa kabisa, inabaki utando usioonekana, na juu ya utando huo hakishiki chochote isipokuwa silikoni nyingine. Nayo silikoni yenyewe haikuishika poliuretani vizuri, ndiyo maana kingo zake zilikuwa zimeshaanza kuinuka. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimepaka dawa mahali pasipoumwa, na kwa dawa hiyo nikapazuia pasitibike siku patakapoumwa.

Tuliliacha hivyo. Januari na Februari mgongo ulikuwa mkavu, na mjomba akaanza kusimulia Nanyamba kwamba koti lilikuwa zima siku zote, kofia ndiyo mchawi. Machi katikati, baada ya siku mbili za mvua ya mfululizo na begi zito, bega la kulia likavuja. Safari hii lilivuja kwelikweli, pale pale nilipokuwa nimetoa hukumu Desemba.

Gundi isingesaidia, kwa hiyo nilirudi kwenye kazi ninayoijua. Nilichukua suruali ya mvua iliyochanika, ya buluu, tabaka lake la ndani zima, nikakata kipande cha kukaa begani kama nira, kuanzia kifuani juu ya mfuko kupita begani hadi chini ya kisogo. Nikakishonea nje ya koti, mishono yote ikiangukia pale ambapo silikoni haikufika na ambapo maji yanateremka badala ya kutuama, na begani kwenyewe sindano haikugusa. Mishono nikaiziba kwa ndani kwa ile gundi ya kwenye friji. La kushoto likafanywa vilevile ili pande zilingane, kwa ombi la mjomba mwenyewe, ingawa lilikuwa halina tatizo lolote. Nikajaribu kwa keni, kutoka chini kwenda juu, na safari hii mjomba aliomba tufanyie ndani ya uzio.

Limeumaliza msimu. Zipu bado inapitisha matone mawili matatu kwenye mwendo, hilo nimemwachia. Sasa koti limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, halijakunjwa, wala haligusani na ukuta.

Kofia niliyoikata ninayo mimi, inaning'inia kibandani juu ya cherehani. Mtu akija na koti au hema lake akasema "we ziba tu, fundi", namshushia ile kofia anuse kwanza, halafu ndipo nageuza lake ndani nje.